Mahali Panapobeba Moto

Jumatatu, 22 Machi. Stesheni ya Kolwezi

Nimefagia tena. Mahali petu ni kati ya nguzo mbili, upana wa mkeka na nusu. Mama wa mkeka wa jirani anacheka, ananiuliza ninafagia stesheni ya nani. Nimezaliwa kwenye kambi ya kampuni, ambako mkaguzi alipita kila wiki kutazama nyua. Ua ukiwa mchafu, baba anaitwa ofisini. Kambi tumeshafukuzwa, mkono wangu bado hauna habari.

Treni haijaja. Mvua imekuja.

Baba amekalia sufuria yetu kubwa. Akiinuka itaibiwa. Aliletwa huku kutoka Kasai akiwa kijana, achimbe shaba. Amechimba mpaka akastaafu. Sasa vijana waliozaliwa jana wanamwambia arudi kwao. Walikuja nyumbani na majani ya miti vichwani, wakatuita bilulu, wadudu. Tulipewa muda wa kupika sombe, majani ya muhogo. Wa kuila hatukupewa.

Mume wangu Ngoy hakufukuzwa. Yeye pia ni Mluba, lakini Mluba wa Katanga. Sisi ni Waluba wa Kasai. Zamani hilo lilikuwa jambo la kutaniana kwenye harusi. Walimwambia nyumba ni yake, mke ndiye si wa hapa. Ngoy aliwasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na godoro kichwani. Tangu siku hiyo yupo hapa na sisi. Kule kwenye mgodi wa Mashamba, mashine yake ataiendesha mtu mwingine. Hatujalizungumza.

Jumatano, 24 Machi

Bado.

Baba na Ngoy wamekata shauri juu yangu, mimi nimekaa katikati yao. Treni ya Kasai inapita Bukama. Mimi na Ngoy tutashuka hapo, tushike mtumbwi, tuteremke Lualaba mpaka kwa mama yake, kwenye visiwa vya Kisale. Baba ataendelea na kaka yangu Mulumba. Nilipobisha, baba hakuzunguka.

"Wewe uko bibi ya mutu. Kule Kasai utakuwa bibi ya nani?"

Nimekasirika. Mama Numbi, mama mkwe wangu, nimemwona mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alitazama tumbo langu. Watoto hatukujaliwa. Sasa nimpelekee tumbo lile lile, na godoro juu yake.

Nilimuuliza Ngoy ardhi ya kwao ikoje. Akasema hakuna ardhi. Nilidhani anatania.

Ijumaa, 26 Machi. Njiani

Tumepanda. Mabehewa ni yale ya kubebea mawe ya madini, hayana paa. Treni inakwenda mwendo wa mtu mwenye kidonda mguuni. Inasimama pasipo na stesheni, watu wanashuka, wanapika, wanapanda tena na chakula kibichi.

Baada ya stesheni ya Tenke mtoto mchanga alizikwa kando ya reli. Mama yake alipanda, treni ikaondoka. Simjui. Nilimsaidia kufunga kitambaa chake cha kichwa, basi.

Baba amekula leo. Kidogo.

Jumamosi, 27 Machi. Bukama

Tumeshuka. Mpaka treni inasimama nilikuwa sijaamua. Mguu mmoja ulikuwa chini, mwingine bado kwenye ngazi, na watu nyuma yangu wanasukuma. Walionisukuma ndio walioamua.

Baba hakunipungia. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika sufuria. Alisema jambo moja tu.

"Ukifika kule, usianze kupanga bintu bya batu."

Ananijua. Nikasema ndiyo, baba. Mulumba alipunga mpaka kwenye kona.

Nangoja nilie. Kilio hakijaja. Ngoy amekwenda kutafuta chumvi ya kumpelekea mama yake, nami nimekaa juu ya godoro nikitazama mto. Ni mpana na una rangi ya chai.

Jumatatu, 29 Machi. Mtoni

Mtumbwi ni wa mzee mmoja, Tata Senga. Anateremsha chumvi na unga, anapandisha samaki wakavu. Tumekaa mmoja nyuma ya mwingine. Ukijikuna, wote wanajua. Yeye amesimama nyuma na upondo wake, anausukuma mtumbwi kama mtu asiye na safari.

Nilimuuliza tutafika lini. Alinitazama kwa huruma.

"Mama, mu mutoni habaulizake vile."

Kisha akanipa kopo, nichote maji yanayoingia. Nilichota siku nzima. Ilinisaidia.

Kila kijiji tunachopita, watu wanatuita kutoka ukingoni. Hakuna aliyeuliza tunatoka wapi. Wanauliza maji yakoje huko juu. Ngoy anajibu kwamba yamepanda, yamefika kwenye miti. Wanaridhika. Wengine wanatupa muhogo. Mwezi mzima huu nimeulizwa kwetu ni wapi, mpaka swali la maji likanifanya nitake kushuka nimkumbatie mtu.

Ngoy anaongea. Kolwezi alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku. Hapa ananionyesha ndege, anawataja kwa Kiluba, ananigombeza nikiinama upande mmoja. Sikujua kwamba nimeolewa na mtu huyu.

Alhamisi, 1 Aprili. Kisiwani

Ngoy hakuwa akitania.

Mto unatanuka mpaka kingo zinapotea, kisha ni mafunjo tu, marefu kuliko mtu. Ndani ya mafunjo kuna njia za maji, na mwisho wa njia kuna watu. Wanayakata mafunjo, wanayalaza juu ya mizizi inayoelea, tabaka juu ya tabaka, halafu wanajenga juu yake. Kisiwa kizima kinaelea. Kimefungwa kwenye miti mirefu iliyochomekwa matopeni kisiende zake. Ukitembea, sakafu inashuka chini ya mguu wako na ya jirani inainuka kidogo. Kuku hawashughuliki. Mimi nimeshika kuta siku nzima.

Moto unawashwa juu ya sahani nene ya udongo. Bila hiyo nyumba ingeungua na kuzama kwa pamoja.

Mama Numbi ni mwembamba, anavuta kiko. Alipokea chumvi, akashukuru, akatazama tumbo langu. Hii ni mara ya tatu. Kisha akanionyesha pa kuweka godoro.

Jumapili, 4 Aprili

Siku ya Matawi. Mitende hakuna. Katekista alikata vichwa vya mafunjo, tukavipeperusha. Vilipendeza kuliko mitende, lakini vinawasha pua. Nilimwombea baba.

Sakafu ya Mama Numbi imeoza. Upande wa jiko inanuka, ni nyeusi, na wadudu wanatembea ndani yake. Yeye anaweka mafunjo mabichi juu ya uozo, anakaa, anavuta kiko. Ninaangalia pembeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe halina pa kulimia, na hakuna aliyenipa kazi yoyote.

Jumanne, 6 Aprili

Nimefanya upumbavu.

Mama Numbi alikwenda kwenye mitego. Nikasema nimsaidie. Nilitoa uozo wote wa upande wa jiko, kwa mikono, nikautupa majini. Nikafagia. Nikatandika mafunjo mapya, yakalala sawasawa, ya kijani. Mkaguzi wa kambi angeninunulia soda.

Alirudi, akasimama mlangoni, hakuingia. Nilidhani anashangaa uzuri. Ndipo kona ya jiko ikaanza kushuka. Polepole kabisa. Sahani ya udongo ikainama, ikateleza, ikaingia majini pamoja na moto wake. Moshi mdogo, basi.

Kumbe ule uozo ndio unaobeba. Ya chini yanalowa na kushikana na mizizi, ya juu yanakaa juu yake. Nilikuwa nimeutoa msingi wa nyumba na kuutupa kwa samaki.

Hakupandisha sauti.

"Huku hatutoake kitu. Tunaongezaka tu."

Akaenda kwa jirani kuomba moto. Kabla ya jua kuzama kisiwa kizima kilikuwa kinaniita Mama Ufagio. Nimekumbuka neno la baba pale Bukama. Aibu imenifika mpaka masikioni.

Jumamosi, 10 Aprili

Wamefika hata huku.

Boti ya injini, vijana, majani ya miti vichwani. Wa bara, si wa visiwani. Wamesikia kuna mtu wa Kasai. Nilikuwa ndani, nyuma ya nyavu. Ngoy alisimama mlangoni. Kutoka nilipokuwa niliona magoti yake tu, yameziba mlango.

Wakaacha neno. Watarudi Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Wakinikuta, samaki wa kisiwa hiki hawatauzwa tena Bukama. Boti ikaondoka, mawimbi yake yakatutikisa kwa muda.

Wanaishi kwa samaki hao. Unga, chumvi, dawa, nyuzi za nyavu, vyote ni samaki. Nalijua hilo. Ningekuwa wao ningejitazama mimi kwa jicho gani? Nimeogopa kuliko Kolwezi. Kule tulikuwa wengi.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Baada ya sala watu hawakuondoka. Tata Mwepu, mwenye nyavu kubwa kuliko wote, alisema kwanza.

"Mi siko na kazi ya kufukuza mutu. Lakini samaki yangu itauzwa wapi? Huyu mama arudie kwabo."

Maneno ni yale yale ya Kolwezi, ila haya yana adabu. Simchukii. Ana watoto wengi.

Ngoy akasema basi, tutaondoka wote wawili. Mama Numbi akatoa kiko mdomoni, akasema mwanawe akae kimya. Akawakumbusha sheria ya hapa, nami ndipo nikaisikia. Mwenye mahali pake haondolewi. Mahali pako ni pale ulipokata mafunjo kwa mkono wako, ukalaza kwa mkono wako, pakabeba moto mpaka bukari, ugali wa huku, ikaiva. Hapo hakuna wa kukutoa, si mume, si wakwe, si mwenye nyavu.

Mwepu akacheka. Akasema huyu mahali hana, tena amepunguza hata pa mama mkwe wake. Wote wakacheka. Hata mimi kidogo.

"Basi ajifanyie," Mama Numbi akasema.

Wakakubaliana. Vijana wakirudi wakakuta nina mahali, nabaki. Nikiwa sina, Tata Senga ananipeleka Bukama. Mwepu alikubali haraka. Anaona sitaweza. Nami naona hivyo hivyo.

Jumatano, 14 Aprili

Funjo lina kingo. Ukilishika vibaya linakukata, ukilishika vizuri linakukata baadaye. Mikono yangu ni ya mwalimu, ilizoea chaki.

Tita la kwanza alikata Mama Numbi. Nikamwambia sheria haitaki. Akasema la kwanza halihesabiwi, mtu yeyote anaweza kukukatia, kwa sababu halikai. Akalitupa nyuma ya nyumba yake, mahali alipochagua mwenyewe. Tulilitazama likienda.

"Ya kwanza inazamaka. Njo kazi yake."

Halafu akaenda zake. Yangu matatu yakazama pia. La nne likabaki, chini kidogo ya uso wa maji.

Ngoy haruhusiwi kunisaidia. Anachokata mume ni cha mume. Amekaa mlangoni anashona wavu usiotoboka.

Jumatatu, 19 Aprili

Pamebeba kuku. Alisimama kwa muda, akaondoka mwenyewe.

Sina la kuandika. Vidole havikunjiki.

Alhamisi, 22 Aprili

Pamenibeba. Nikisimama maji yanafika kwenye kifundo cha mguu.

Leo wamekuja kina mama, wale wa Mama Ufagio. Kukata hawaruhusiwi, kukanyaga wanaruhusiwa. Wakashikana mikono, wakaimba, wakashindilia mafunjo yangu kwa miguu, huku wakisema maneno kuhusu makalio yangu ambayo sitayaandika. Walisema Kasai wanakula vizuri, pakinibeba mimi patabeba kanisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikiwa nimekaa, ndipo kile kilio cha Bukama kikaja. Hawakuniuliza. Waliendelea kukanyaga.

Mwepu alipita na mtumbwi wake, akatazama, akasema kona ya kushoto ni nyembamba. Nilimchukia kwa muda. Kisha nikaikagua kona. Ni nyembamba kweli. Nimeongeza.

Jumapili, 25 Aprili

Niandike kabla sijalala, nimechoka kama punda.

Mama Numbi alifinyanga sahani mpya ya udongo, akaikausha, akanipa. Baada ya sala niliiweka katikati, nikawasha. Maji hayajachemka, tukasikia injini.

Vijana wakaruka kutoka kwenye boti, wakauliza niko wapi. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sufuria, moshi unaniingia machoni. Mwepu akawaendea. Nilijua amekwisha kuniuza.

"Munaona ule moto? Mungoje kwanza bukari iive."

Walishangaa. Mmoja akauliza ni mchezo gani. Mwepu akasema ni sheria. Wakangoja. Wametoka mbali na asubuhi hawakula, ilionekana.

Nimesonga bukari tangu utoto. Sijawahi kuisonga watu wakiwa kimya namna ile. Kila nikikandamiza mwiko, sakafu inashuka. Kona ya kushoto ikaanza kuinama. Sahani ikainama nayo. Ngoy alifumba macho, nilimwona. Kona ikashuka, ikakaa. Nikaongeza unga.

Iliiva. Mama Numbi akaonja. Mwepu akaonja, polepole, mtu asiye na haraka ya kunifurahisha. Akameza. Akawageukia vijana.

"Iko na fasi yake. Munamutaka, mumukamate na fasi yake. Mukate, mukokote mpaka Bukama."

Kijana mmoja akarukia mafunjo yangu anishike. Hajui kukanyaga. Mguu wake ukapita mpaka pajani, akajitahidi, wa pili nao ukapita. Akabaki amekaa hapo kama mtoto kwenye beseni, majani yameteleza kutoka kichwani. Kina mama wakaanza. Kicheko cha kina mama wa hapa kinasikika mpaka kisiwa cha pili.

Aliyekuwa karibu naye ni mimi. Nikampa mkono, nikamvuta. Mkono wake ni laini, wa mtu wa shule. Ningeweza kuwa nimemfundisha. Hakunitazama.

Walikula ile bukari. Mwepu akawapa kapu la samaki wakavu waende. Samaki walikuwa wake, na bado analalamika, namsikia hapa nilipo. Sheria ilinibakiza, kapu ndilo lililowaondoa. Sijidanganyi.

Jumatano, 12 Mei

Tata Senga amerudi. Samaki wameuzwa Bukama, hakuna aliyeuliza ni wa kisiwa gani.

Tumeanza kujenga. Nyumba ni ya Ngoy, chini ni pangu. Akinikera namwambia ahame na nyumba yake. Analipenda neno hilo, ananichokoza makusudi nimwambie tena.

Maji yanashuka. Nimefundisha watoto kuandika kwenye matope.

Ijumaa, 28 Mei

Mvua hakuna tena. Mama Numbi ana homa. Nimempikia. Nilitaka kufagia kwake, nikaacha. Nimeongeza mafunjo.

Jumamosi, 19 Juni

Habari za baba. Mulumba alimpa mtu wa reli, mtu wa reli akampa Tata Senga, Tata Senga akanipa mimi leo, pamoja na unga.

Wamefika. Wako hai. Wanalala uani kwa kanisa, wao na wengi wengine. Watu wa huko hawaelewi Kiluba chao, wanasema kimejaa Kiswahili. Wanawaita Bakatanga, watu wa Katanga. Baba aliomba shamba dogo, akaambiwa arudi kwao alikotoka. Mulumba anasema baba hali chakula vizuri, anakalia sufuria siku nzima ingawa hapo hakuna anayeiba.

Baba mwenyewe hakuomba lolote. Aliuliza tu kama nimepanga vitu vya watu.

Nilimweleza Mama Numbi. Alikuwa amekaa mlangoni, bado dhaifu. Aliuliza mikono ya baba ikoje. Nikasema ni ya mchimbaji. Akavuta kiko.

"Atakata yeye mwenyewe," akasema.

Tata Senga anapanda kesho alfajiri, atapeleka Bukama neno la kumwita baba. Litafika lini, mtoni hawaulizi.

Jioni nilichukua kisu. Nilikata tita moja, nikalifunga, nikaliweka ubavuni mwa pangu, upande ambao jua la asubuhi linafika. Moja tu. La kwanza halihesabiwi.

Limezama.